Mikono Yangu na Leseni ya Ukutani

Edina na Vumi, nawaandikia nyinyi wawili kwanza, kisha yeyote mwingine aliyemaliza form four hapa Sumbawanga akadhani kwamba kazi ya kunyoosha watu viungo inaanzia mikononi. Wiki iliyopita mlinikuta bombani. Mkaniamkia vizuri, mkanitwisha ndoo yangu, halafu Vumi, kwa mdomo wako huo usio na breki, ukasema, "Dada Skola, tufundishe basi. Wewe si umeshastaafu? Hiyo mikono imekaa bure." Nikawajibu kwamba ikae bure mpaka kiama, na nyinyi mkatafute pengine pa kuchezea. Edina akanuna. Vumi akacheka. Mimi nikaenda nyumbani na hasira hadi nikaunguza maharage.

Nimestaafu kweli. Nina miaka ishirini na tisa, mtoto mmoja, na kazi niliyoifanya miaka saba siruhusiwi kuifanya tena. Kama huko si kustaafu, nipeni neno lingine.

Mtaona nina hasira humu ndani. Ninazo. Ila hasira zangu zimeishi muda mrefu na swali moja, mpaka vimezoeana kama wapangaji wa nyumba moja: hivi ile karatasi inayoitwa leseni inajua nini ambacho mikono yangu haikijui? Mara ya kwanza niliuliza kwa dharau. Siku hizi nauliza kwa kutaka kujua. Na nimekaa kuandika leo kwa sababu ya jambo lililotokea jana mlangoni kwangu. Nitalifikia.

Mimi niliingia kazini na fagio. Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi hapa mjini, sitaitaja. Form four nilipata division four: Biolojia D, Kemia D, Fizikia F iliyonona. Wakanichukua kufagia, kudeki na kuchemsha maji. Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa na kibao kimeandikwa "Fiziotherapia". Serikali kazi ile inaiita utengamao, yaani kumrudishia mtu aliyeumia au kupooza uwezo wa kufanya mambo yake mwenyewe. Wagonjwa wetu walisema tu "naenda kunyooshwa", na tulielewana.

Mwenye chumba hicho alikuwa Bwana Ambakisye, mtu wa Tukuyu, mrefu, mwembamba, amevaa sweta mwaka mzima. Alikuwa akisema, "Kwetu baridi inanyesha. Kwenu inapuliza." Mimi nilimwita Mwalimu. Watu wengine wote walimwita dokta, na kila siku aliwasahihisha bila kuchoka: "Mimi si daktari, mama. Daktari ana leseni yake, nami nina yangu. Tusivaliane viatu." Nilidhani ni unyenyekevu wa Kinyakyusa. Sikujua kama alikuwa ananifundisha jambo.

Siku moja nadeki, mzee mmoja kutoka Chala, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, alikuwa anajifunza kutembea katikati ya mabomba mawili ya maji yaliyochomelewa kama reli. Akateleza. Mwalimu alikuwa amegeuka anaandika. Nikatupa dekio, nikamdaka mzee kwenye mkanda wa suruali, kiunoni, nikamkalisha kwenye benchi.

"Nani kakufundisha kushika hapo?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna."

"Kwa nini hukumshika mkono?"

"Ungechomoka. Si unaona unavyoning'inia?"

Akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani, anaangaza huku na huku kama mwenyewe yupo. Kuanzia wiki ile nikawa msaidizi.

Haya, mlitaka kufundishwa. Nitawapa machache ya bure.

Kwanza, pasha mikono moto. Juni na Julai hapa kwetu mkono wa mtu ni jiwe la mtoni. Ukimgusa mgonjwa nao, misuli inajikunja kama konokono, halafu unaandika "mgonjwa amekakamaa" kumbe umemkakamaza wewe. Tulikuwa na jiko la mkaa mlangoni kwa kazi hiyo tu.

Pili, sikia kabla ya kuona. Korido yetu ilikuwa ya saruji. Mtu akianza kutembea kutoka mapokezi, Mwalimu alikuwa ananinyamazisha kwa kidole. "Mguu gani?" Mimi: "Wa kushoto." "Goti au nyonga?" Hapo nilikuwa nabahatisha. Yeye hakubahatisha. Mgonjwa akifika mlangoni, kazi imeshaanza.

Tatu, uliza jembe. Hili alijifunza yeye kwa aibu, mimi nikiwepo. Alikuja mama mmoja wa huku juu, mgongo umemshika. Mwalimu akamwambia, kama alivyosoma chuoni, "Mama, usiiname." Mama akamtazama kwa huruma. Mnajua wenyewe kilimo chetu cha matuta ya duara, majani unayafukia chini kwa jembe, kutwa nzima kichwa kiko chini. Akasema, "Sasa baba, hayo matuta yatanifuata huku juu?" Korido nzima ilicheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akamwambia aje na jembe lake. Wiki iliyofuata akapima mpini na kimo cha mama, akamwandikia urefu wa mpini mpya kwenye kadi ya kliniki, pale panapoandikwa dawa. Tangu siku hiyo alikuwa anauliza mpini kabla ya kuuliza maumivu. Na Mfipa wa shamba hakwambii anaumwa mgongo. Anakwambia mwaka huu matuta yamekuwa mengi.

Na sasa kosa langu la kwanza, mlicheke. Tulihitaji mifuko ya uzito ya kufunga miguuni, mgonjwa anyanyue apate nguvu. Mwalimu akanipa kitambaa nishone, nijaze mchanga. Mchanga ukawa unavuja. Nikajiona mjanja, nikajaza ulezi. Laini kwenye kifundo, hauvuji, unapendeza. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: Kilo 1, Kilo 2, Kilo 3.

Jamani, wagonjwa wetu walianza kupata nguvu za ajabu. Bibi aliyekuwa hawezi kunyanyua kilo moja akanyanyua mbili, mwezi unaofuata tatu, akapiga kigelegele pale pale kitandani. Mwalimu anaandika kwenye mafaili: amepata nafuu, amepata nafuu. Mpaka Jumatatu moja nilipofagia chini ya kabati nikakuta makapi ya ulezi na mavi ya panya. Mwalimu akabeba mifuko yote hadi mashine ya kusaga, akaiweka kwenye mizani ya mahindi. Mfuko wa kilo tatu haukufika hata kilo mbili.

"Skola," akasema, "tumekuwa tukiwatibu panya."

Tulicheka hadi mwenye mashine akatutilia shaka. Lakini tuliporudi hakucheka tena. Alikaa na mafaili yale siku mbili, akawaita wagonjwa wote mmoja mmoja, akawaambia kosa ni lake, akaanza kuwapima upya. Lake, si langu. Na mimi akanipa kazi ya kupima mifuko kila Jumatatu, hata baada ya kurudi kwenye mchanga. Nilimuuliza, "Mwalimu, mchanga hauliwi na panya, tunapima nini?" Akasema, "Tunapima kama bado ni kweli." Baadaye sana, nilipojiuliza kwa nini leseni ina tarehe ya mwisho na inabidi ihuishwe, nilikumbuka panya wale. Lakini hilo lilikuja baada ya mimi kuumia.

Sasa tufike ukutani. Juu ya meza ya Mwalimu ilining'inia leseni yake kwenye fremu, ina picha yake, jina, namba na tarehe. Upande wa pili, karibu na mlango, ilining'inia leseni ya biashara ya kliniki. Fremu mbili za aina moja, kioo cha aina moja, fundi mmoja. Mimi nimekulia dukani kwa mjomba, kule stendi. Leseni ya duka ilikuwa ya jina la mjomba, lakini shangazi aliuza, mimi niliuza, hata mgeni aliyekuja kusalimia aliuza. Ilimradi ipo ukutani, aliyesimama kaunta amefunikwa. Na mimi, mtu mzima, nilidhani na ile nyingine ni hivyo hivyo. Miaka saba nilifanya kazi chini ya karatasi ile nikiamini imekifunika chumba, kama bati.

Kila mwezi Mwalimu alikuwa anakwenda Kipili wiki moja, kuwahudumia watu wa vijiji vya ziwani. Akiondoka alisema maneno yale yale: "Wa zamani waendelee na nilichoandika kwenye faili. Mgonjwa mpya asubiri." Mwenye kliniki alikuwa hataki kusikia. "Mgonjwa mpya hasubiri, binti. Anakwenda kwa mwingine. Wewe si unajua?" Nilijua. Au nilipenda kuambiwa najua. Nitasema ukweli kwa sababu hakuna wa kunifukuza kazi tena: nilipenda kuitwa dokta. Mwalimu akikataa jina hilo, mimi nilikuwa nalipokea.

Wiki moja ya Kipili akaja mama mmoja mwenye koti la mvua na mkoba mdogo. Akakaa kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika nikamkaribisha.

"Karibu mama. Unaumwa wapi?"

"Bega."

Nikapasha mikono, nikaweka mkono begani kwake. Akaniachia kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye wa hapa."

"Leseni yako iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu bila hata kugeuka. "Ile pale."

Akainuka, akavaa miwani, akasogea ukutani. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ana ndevu."

"Huyo ni bosi. Yuko Kipili."

"Na wewe?"

"Nafanya kwa hiyo hiyo."

"Kwa hiyo hiyo vipi?"

"Si ipo ukutani, mama?"

Akatoa kitambulisho. Alikuwa ametoka kwenye baraza linalosajili watu wa kazi ile. Wagonjwa wa kwenye benchi wakaanza kuvaa viatu taratibu, kama watu walioalikwa kwenye msiba usio wao. Mimi badala ya kuogopa nikapandisha hasira. Nikamwambia, "Hebu nikuulize. Ukinipa karatasi kama hiyo leo, mikono yangu itabadilika nini?"

"Mikono haitabadilika," akasema. "Ila ukiniumiza, nitajua nimtafute nani."

"Si unitafute mimi? Niko hapa kila siku."

"Leo upo. Kesho ukihamia Mpanda?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote.

Chumba kilifungwa siku ile ile. Mwalimu aliitwa kujieleza, na leseni yake ikazuiwa kwa miezi kadhaa. Mimi nikaambiwa nisirudi. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake nilimkuta anashusha fremu. Akaifunga kwenye sweta, msumari akauacha.

"Nilikwambia mgonjwa mpya asubiri," akasema.

"Mwenye kliniki alisema…"

"Najua alichosema. Nilijua anasema hivyo, na kila mwezi nikapanda basi. Hiyo ni yangu."

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Adela alizaliwa mkubwa. Kichwa kikatoka, bega likakwama, wakunga wakahangaika naye, Mungu awabariki, akatoka hai. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Wa kulia unarusha ngumi, wa kushoto uko ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma kama mtu anayepokea kitu kwa siri. Niliutambua palepale. Mishipa ya fahamu ya bega imevutwa wakati wa kuzaliwa. Nilikuwa nimeshawaona watoto wa hivyo na mama zao, na nilikuwa nimewaonyesha mama zao jinsi ya kuuzungusha ule mkono usikakamae.

Nesi akaniambia wakati wa kutoka, "Mama Adela, usiuvute huo mkono. Usiuguse kwanza. Mlete baada ya siku kumi tuuangalie."

Nikamwitikia. Moyoni nikasema, ananiambia nani huyu?

Siku ya tatu nikapasha mikono kwenye jiko, nikaanza. Pole pole, kama nilivyozoea. Juu, pembeni, zungusha. Adela akalia. Nikasema watoto wote hulia. Siku ya nne akalia kabla sijamgusa, aliponiona tu napasha mikono. Wiki moja hajamaliza duniani na ameshajua mikono ya mama yake inauma. Siku ya sita nikaona uvimbe karibu na shingo, mdogo, kama nusu ya ndimu. Nikambeba nikakimbia kwa Mwalimu.

Nilimkuta barazani kwake anapukuchua mahindi. Nikamfunulia mtoto. "Mwalimu, mshike. Mwangalie."

Akafuta mikono kwenye suruali. Akainama, akaangalia. Kisha akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaikamatanisha huko.

"Siwezi, Skola."

"Huwezi nini? Ni mwanangu!"

"Leseni yangu imezuiwa. Unajua."

"Nani atakuona hapa? Kuku?"

"Wewe utaniona."

Sitarudia yote niliyomwambia. Nilimwita mwoga. Nilimwita mtumwa wa karatasi. Nikamwambia ni mgeni tu hapa, ndiyo maana hana uchungu na watoto wetu. Majirani walitoka. Yeye kasimama pale, mikono nyuma, anasubiri nimalize kama anavyosubiri mvua.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa niambie. Umemfanya nini mpaka leo?"

Nikamweleza. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Akafumba macho.

"Mtulinga umepigwa picha?"

Mtulinga ni huu mfupa wa juu ya kifua, unaotoka begani kuja shingoni. Bega likikwama namna ile, mara nyingine na mfupa huu huvunjika. Miaka saba nilizungusha mikono ya watoto, na sikuwahi kujua kwamba kabla hawajaletwa kwangu Mwalimu alikuwa ameshauliza swali hilo, ameshasoma picha, ameshahesabu siku. Mimi nilijua vipi. Lini, sikujua. Na lini usiguse kabisa, hilo hata sikujua kama ni sehemu ya kazi.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," akasema. "Mwambie wa kwanza utakayemkuta: picha ya mtulinga kabla ya mtu yeyote kuushika huo mkono." Akachukua kipande cha gunia pale barazani, akajifunga mwenyewe mkono kifuani, nimwige. Nikamfunga Adela hivyo hivyo kwa khanga. Akatusindikiza hadi kwenye bajaji, ameshika mwavuli juu ya mtoto. Kidole chake hakikumgusa.

Mtulinga ulikuwa umevunjika. Umevunjika wakati wa kuzaliwa, wakasema, si mimi. Lakini ncha za mfupa zilikuwa zimesogezwa siku tatu mfululizo, na hilo ni mimi. Wakamfunga bandeji, wakasema asiguswe wiki tatu.

Nikiwa kwenye benchi pale, hasira bado zimenijaa, nikaona kwenye ukuta fomu za malalamiko. Nikachukua moja, nikaazima kalamu. Nilitaka kumshtaki Ambakisye. Mtu wa kazi anayemwangalia mtoto mchanga akaficha mikono nyuma! Fomu ilisema: Jina la mtoa huduma. Nikaandika jina lake. Namba ya usajili. Nilikuwa naikumbuka kwa kichwa, miaka saba nimeifuta vumbi, nikaiandika. Kisha: Eleza alichokufanyia.

Kalamu ikasimama. Alikuwa hajanifanyia kitu.

Nikafuta jina. Nikaandika la aliyemfanyia Adela kitu: Skolastika. Nikashuka mstari wa chini, namba ya usajili. Namba sina, nikauacha mtupu. Yule mama wa koti la mvua alikuwa amenijibu mapema, na mimi nikaenda kuishi jibu lake. Mtoto ameumizwa, na aliyemuumiza hayumo kwenye daftari lolote. Hakuna wa kumwita ajieleze, hakuna leseni ya kumzuia. Kesho angeweza kuamka akapasha mikono tena. Fomu ile ninayo hadi leo, kwenye kitabu cha sala.

Wiki tatu zilipokwisha tukapangiwa binti mmoja, Jestina, mdogo kwangu kwa miaka, amevaa viatu vya raba na ana sauti ya kwaya. Akanyoosha mikono ampokee Adela. Nikamrudisha mtoto kifuani.

"Leseni yako iko wapi?"

Akashtuka. "Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Nimekuuliza mimi."

Akaitoa kwenye simu. Nikaangalia picha, nikamwangalia yeye, nikaangalia tarehe. Hana ndevu, haijaisha. Nikampa mwanangu. Akapasha mikono kwanza, kwa kuisugua. Nikajua amefundishwa na mtu.

Jestina aliniambia tutapima kwa mambo matatu, siku Adela akikua: mkono ufike mdomoni, mkono ufike kichwani, mkono ufike nyuma mgongoni. Na akanipa kazi ya nyumbani, mazoezi gani, mara ngapi, na yapi nisifanye. Niliyafanya kama alivyoandika. Mnajua ugumu wake? Mikono inajua kuzidi pale, na unaiambia iishie pale.

Mdomoni ulifika kwa uji. Mwaka mmoja na nusu, Adela akachota bakuli zima kwa mkono wa kushoto akajipaka hadi masikioni, na mimi sikumgombeza. Kichwani ulifika kwa kofia ya sufi aliyonunuliwa na baba yake; Adela aliichukia, kila mara akitaka kuivua. Mgongoni haukufika. Mwaka wa pili ukapita, haukufika. Jestina akawa anaandika tu kwenye faili, na mimi najua kusoma uso wa mtu anayeandika tu.

Mwalimu leseni yake ilirudishwa zamani. Amehamia Kipili moja kwa moja, anasema baridi ya ziwani ina adabu. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniuliza kama bado napima mifuko. Akipita mjini huja kumsalimia Adela, anacheza naye kwa mpira, na nikimwambia amtazame bega anasema, "Ana mtu wake. Muulize Jestina." Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Sasa namwekea chai.

Ndiyo nimefika jana. Jana alikuja mzee mmoja kutoka Kaoze, ana kuku mkononi na bega limekaza. Watu bado wananitafuta, sifa haina tarehe ya mwisho. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikamweleza.

"Baba, mimi siruhusiwi. Nenda hospitali, muulize Jestina. Akikupokea, mwambie akuonyeshe leseni."

"Binti, nimetoka mbali. Gusa kidogo tu."

"Hapana, baba."

"Kidogo. Nani atakuona?"

Jamani, bega lile nililiona kutoka mlangoni. Najua nini kilikuwa ndani yake. Au nadhani najua, na hapo ndipo pa kuogopa. Vidole viliniwasha. Nikavipeleka nyuma ya mgongo nikavikamatanisha huko, kwa nguvu, nikasimama hivyo kama Mwalimu siku ile barazani na kuku wake.

Vumi, ulisema mikono yangu imekaa bure. Haijakaa bure. Njoni Jumamosi wote wawili na vitabu vya fizikia, kwa sababu nimejiandikisha kurudia mtihani, na ile F haitaondoka kwa maombi. Fizikia ndiyo iliyonifungia mlango wa chuo, na nimegundua mkono wa mtu ni wenzo mtupu, sijui kwa nini hawakutuambia hivyo darasani. Somo la kuanzia nitawapa mimi: mtasimama, mtamwangalia mtu anaumwa mbele yenu, mtaweka mikono nyuma, na mtauliza.

Nilikuwa bado nimesimama hivyo, nabishana na mzee, Adela akatoka ndani. Akanitazama juu, akamtazama mzee. Mnajua watoto wanavyoiga. Akatanua miguu kama mimi. Mkono wa kulia ukaenda nyuma mara moja. Wa kushoto ukaenda ukakwama kiunoni. Akatoa ulimi nje, akajipinda, akausukuma, ukapanda kidogo kidogo juu ya kile kigauni. Vidole vikatafutana huko nyuma. Vikakutana. Akavikamatanisha, akainua kidevu kwa mzee, kama askari.

Sikumgusa. Nilisimama tu na mikono yangu nyuma, machozi yananitiririka hadi shingoni na siwezi kuyafuta.

Mzee akaweka kuku chini, akanitazama kwa huruma. "Usilie, binti," akasema. "Ni bega tu."